Kadi haichomolewi kwa mabavu: kwa mafundi wa mashine zisizozimwa

Kijana mmoja, fundi wa Arua, ameniandikia wiki hii: "Mzee, nimechomeka kadi ya mtandao seva ikiwa inawaka. Kwenye lspci naiona, ila draiva inakataa kuishika. Bosi hataki nizime mashine. Nifanyeje?" (lspci ni amri ya Linux inayoorodhesha kadi za mashine; draiva ni programu inayoiendesha kadi.) Nimemjibu kwa simu, lakini najua wenye swali lake ni wengi, na mimi mwenyewe swali hilohilo lilinipotezea kazi.

Ni ofisi moja hapa Kampala, sitaitaja. Nilikuwa natunza seva zao, na niliomba kitu kimoja tu: usiku mmoja wa kuwasha upya mashine ili niziandae sloti zake, yaani nafasi za kuchomekea kadi, zipokee kadi baadaye bila kuzima. Nilikataliwa. Niliambiwa mimi ni mwoga, eti mashine waliyonunua "inabadilisha kadi ikiwa hai", imeandikwa kwenye boksi. Akaletwa fundi mwingine, akaikamata kadi akaing'oa mchana kweupe, kazi zikiendelea.

Yaliyofuata yanaeleweka kabisa. Draiva inapoisoma kadi ambayo haipo tena, basi ya PCI Express (njia ya data kati ya kadi na mashine) haitoi kosa ambalo draiva italitambua moja kwa moja. Kwa kawaida inarudisha namba iliyojaa 1 katika kila biti, 0xFFFFFFFF. Draiva iliyoandikwa vizuri inajua maana yake ni kwamba kadi imeondoka. Draiva iliyoandikwa kwa haraka inasubiri biti fulani iwe 0, na haitakuwa 0 milele. Seva ikaganda, watu wakabaki wamesimama dirishani hadi jioni. Kisha daftari la matengenezo likafunguliwa, jina lililokuwamo ni langu, na lawama zikawa zangu. Malipo ya mwezi ule sijayaona mpaka leo. Inaniuma bado, siwezi kusema uongo.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Uwezo wa kubadilisha kadi mashine ikiwa inawaka hauko kwenye kadi peke yake. Sloti, umeme, BIOS (programu ya kwanza kuamka mashine inapowaka), kerneli (kiini cha Linux) na draiva lazima vyote vikubaliane, na sehemu kubwa ya makubaliano hayo hufanyika mashine inapowaka, kabla hujagusa kitu.

Tatizo la kijana wa Arua liko hapo. Kila kadi inaomba eneo la anwani za kumbukumbu. Mashine inapowaka, maeneo hugawiwa kwa kadi zilizopo, na sloti tupu huachiwa kidogo. Linux kwa kawaida huitengea sloti ya aina hii megabaiti 2 na namba 1 ya ziada ya basi. Zipo kadi za mtandao zinazoomba megabaiti 32, na kadi za picha ndio usiseme. Kadi ikifika ikakosa nafasi, kerneli inaandika "failed to assign" na draiva inakataa. Hakuna kilichoharibika. Dawa ni kuongeza pci=hpmemsize (ukubwa wa eneo la kutengewa sloti) na hpbussize (idadi ya namba za basi) kwenye mstari wa kuwashia kerneli, na pci=realloc (kerneli igawe maeneo upya) pale BIOS inapobana, kisha kuwasha upya mara moja. Ndio usiku ule nilioomba mimi.

Mwezi uliopita nilipewa usiku huo, mahali pengine, na watu wanaosikiliza. Kadi ya mtandao ilipokufa baadaye, niliibadilisha saa tano asubuhi. Kwanza nilihakikisha kazi zote zimehamia kadi ya pili, kwa sababu tulizifunga mbili pamoja tangu mwanzo. Bila hilo hata sloti nzuri haikusaidii. Nikabonyeza kitufe kilicho kando ya sloti. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Hapo unapewa sekunde 5 za kughairi kwa kubonyeza tena; mimi nilitoa mikono nikangoja. Kerneli ikaiachisha draiva, umeme wa sloti ukakatwa, taa ikazimika. Ndipo nikaivuta. Kadi mpya ikaingia, kitufe tena, taa ikapepesa, ikatulia. Mama wa mapokezi aliendelea na simu yake ya intaneti bila kukatika. Nilijivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Sloti isiyo na kitufe, tumia amri: andika 0 kwenye faili la power la sloti hiyo ndani ya /sys/bus/pci/slots, ngoja, toa. Usivute kabla. Najua utaambiwa kwamba pini za kutambua kadi zilifanywa fupi makusudi, ziguse mwisho na ziachie kwanza, ili mashine ipate habari mapema. Ni kweli. Lakini habari hiyo inatangulia kwa muda mfupi mno, na draiva iliyo katikati ya kazi haiwezi kufunga virago kwa muda huo. Ngoja taa izimike. Bosi akikuharakisha, mwambie kwa heshima angoje naye. Mwenye kukuita mwoga hatakuwepo seva ikiganda, na jina litakalokuwa daftarini ni lako.

Na wanaonunua seva zilizotumika: msimwamini muuzaji kwa maneno. Omba aiwashe, andika lspci -vv ukiwa na ruhusa ya root (msimamizi mkuu wa mashine), tafuta mstari wa SltCap, unaoeleza uwezo wa sloti. Ukiona HotPlug+ sloti hiyo inakubali. Ukiona HotPlug- kwenye sloti zote, tafuta mashine nyingine. PwrCtrl+ maana yake sloti inaweza kukatiwa umeme peke yake. Surprise- maana yake haikutengenezwa kwa kung'olewa ghafla. Angalia kila sloti, maana ndani ya mashine moja unaweza kukuta moja inakubali na jirani yake haikubali.