Usukani wa 110 unaguna kila nikikata kona

Shikamoo Fundi. Nina Toyota Corolla 110. Wiki jana, pale gereji za Grogan, Nairobi, nilibadilishiwa hosi inayorudisha oili ya usukani kwa sababu ya zamani ilikuwa inavuja. Tangu siku hiyo nikikata kona au nikiegesha, gari linaguna kama ng'ombe, na usukani mara mzito mara mwepesi. Aliyeifunga anasema pampu ya usukani imekufa. Ninunue nyingine?
Msomaji, Umoja

Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Endesha kidogo, zima, fungua boneti utazame kikopo cha oili. Ukikuta povu, na oili imepauka kama chai ya maziwa, hiyo ni hewa. Hosi ilipotolewa oili ilimwagika, hewa ikachukua nafasi yake, kisha gari likapigwa stati palepale. Pampu ikaikoroga kama mtu anayepiga mayai, na povu halina nguvu ya kusukuma.

Liache gari lilale, povu litulie. Asubuhi inua magurudumu ya mbele kwa jeki na uweke stendi (mawe si stendi, tafadhali). Jaza oili mpaka alama ya baridi. Hiyo 110 hutumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron. Ya breki usikubali, itaharibu mipira yote. Geuza ufunguo kidogo usukani usijifunge, lakini ingini usiiwashe. Zungusha polepole toka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mara 20 hivi. Mwenzako asimame kwenye kikopo, aongeze oili kila ikishuka. Kikikauka mara moja tu, mmerudi mwanzo. Utaona vipovu vikipanda na kupasuka kimoja kimoja. Vikikoma ndipo upige stati na kurudia ingini ikizunguka taratibu. Ukifika mwisho wa usukani usiung'ang'anie zaidi ya sekunde 5, pampu itachemka.

Mimi nilipokuwa bado naleta spana Kariobangi niliona kuzungusha kwa mkono ni kazi ya wajinga. Nikawasha gari la mteja kikopo kikiwa karibu kitupu. Pampu ililia dakika moja, ikanyamaza kabisa. Nililipa kwa mishahara.

Povu likirudi baada ya siku mbili, kuna mahali hewa inaingilia. Watu wengi hulala chini ya gari kutafuta tone la oili, wakikosa wanailaumu pampu. Tazama hosi nene, ile fupi inayotoka kikopo kwenda pampu. Kwenye hosi hiyo pampu inavuta oili, haiisukumi, kwa hiyo ufa mdogo tu unaweza kunyonya hewa bila kuvuja hata tone. Ibonyeze kwa vidole: ikiwa ngumu kama gamba la mti, badilisha. Kaza klipu zake zote mbili, na sili ya mpira pale hosi inapoingia kwenye pampu ibadilishwe kama imekauka. Ukimaliza, toa hewa tena vilevile.

Oili ikishakuwa safi na nyekundu, haina povu, kikopo kimejaa, na bado gari linaguna, hapo nitakubaliana na fundi wako. Lakini mwambie akuonyeshe kikopo kwanza.