Joto pamoja na kemo kwa saratani ya kinywa: maswali yenu

Baba anatumia kemo (dawa za kuua seli za saratani) kwa saratani ya ulimi. Tumesikia joto huongeza nguvu ya dawa. Je, asukutue kwa maji ya moto?

Asithubutu. Moto wa maji huishia juu juu, kwa sababu damu inayopita ulimini hulibeba joto kabla halijazama, kama rejeta inavyopoza injini. Atakachopata ni malengelenge juu ya vidonda vya kemo. Maji yawe vuguvugu: lita moja, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea (si magadi ya kulainishia maharage). Asukutue mara kadhaa kwa siku, kisha ateme.

Basi joto la matibabu ni lipi?

Uvimbe hupashwa kwa maikrowevu au mawimbi ya redio hadi nyuzi 40 mpaka 43 za Selsiasi, kwa kawaida dakika 60, mara moja au mbili kwa wiki. Kipimajoto chembamba kama sindano hupitishwa kwenye mrija uliochomekwa ndani ya uvimbe au kulazwa juu yake. Bila hicho ni kubahatisha. Kuanzia nyuzi 43, kila nyuzi ikiongezeka, nusu ya muda inatosha kuleta athari ileile: dakika 60 za nyuzi 43 ni sawa na 30 za nyuzi 44. Tena kinywa ni mahali pakorofi. Hewa, mate na mfupa wa taya haviyapokei mawimbi kwa namna moja, na jino lililozibwa kwa chuma linaweza kuyakusanya hadi ufizi ukaungua. Mwambieni daktari kila chuma kilichomo kinywani.

Je, kila dawa husaidiwa na joto?

Hapana. Sisplatini, dawa ya kemo inayotumika sana kwa saratani ya kinywa, ni mojawapo ya zinazofaidi: joto huiingiza kwa wingi ndani ya seli, kisha huzuia seli kukarabati DNA iliyoharibiwa. Methotreksati, dawa nyingine ya kemo, haipati kitu cha maana. Sisplatini hutolewa muda mfupi kabla ya joto au joto likiwa linaendelea. Joto la kesho yake limechelewa. Na kupashwa kila siku, jambo ambalo wengi hudhani ni bora, hurudisha kazi nyuma: seli zikishaonja joto hutengeneza protini za kujikinga na kuwa sugu kwa siku 2 hadi 3. Ndiyo maana vikao hupishana kwa saa 72 hivi.

Kwa hiyo upasuaji tuachane nao?

La. Uvimbe unaokatika hukatwa kwanza. Penye haja, hufuata mionzi na sisplatini, miligramu 100 kwa kila mita mraba ya eneo la ngozi ya mwili kila wiki 3, au 40 kila wiki. Joto ni nyongeza tu. Jaribio moja zito la joto na kemo, la Ulaya lenye wagonjwa 341, lilihusu sarkoma za tishu laini (saratani za misuli, mafuta na tishu kama hizo), si kinywa. Anayewauzia tiba hii muulizeni: ndani ya uvimbe zilifikiwa nyuzi ngapi, kwa dakika ngapi?

Baba ana betri ya moyo (kifaa cha kurekebisha mapigo).

Mawimbi ya kupashia uvimbe yanaweza kuivuruga, kwa hiyo asipashwe. Sisplatini nayo huumiza figo na masikio: apimwe figo kabla ya kila dozi, na masikio yakianza kuvuma aseme siku hiyohiyo.