Maswali na Majibu: Besi Yako Haijafa, Imekosa Kusetiwa

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya gitaa la besi, na karibu yote yanaomba ruhusa ya kununua kitu: pikapu mpya (zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi), shingo mpya, besi mpya kabisa. Wengi nitawanyima. Besi za bei nafuu tunazopiga huku Arusha na Moshi zinatoka kiwandani hazijasetiwa, zinasafiri baharini, zinakaa stoo, halafu tunazilaumu. Anza na bisibisi. Pesa itafuata ikibidi.

Napiga besi kwaya ya vijana, Majengo, Moshi. Nyuzi ziko juu mno, ibada ikiisha vidole vinawaka moto. Fundi ameniambia shingo imekufa, nitafute besi nyingine. Kweli, kaka?

Pole, mdogo wangu. Shingo haifi kirahisi hivyo. Nyuzi nne za besi zikiwa zimekazwa huivuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, kwa hiyo lazima iiname mbele. Ndiyo maana ndani yake kuna chuma kirefu cha kupambana na mvuto huo. Kichwa cha chuma hicho utakiona upande wa vigingi vya kutyunia, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, au kule shingo inapoungana na mwili.

Kabla hujagusa chuma, pima. Tyuni besi kwanza, sawasawa. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo) kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ubane pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi wako umekuwa rula. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe ndogo sana, kama milimita 0.3. Fundi pikipiki yeyote ana fila geji ya kupimia valvu, mwombe akuazime. Ukikosa, chukua kadi yako ya benki: ina unene wa milimita 0.76. Ikipita hapo bila kugusa uzi, shingo imeinama kupita kiasi, na hapo umepata sababu ya vidole kuwaka.

Tafuta ufunguo wa aleni unaoingia bila kucheza. Besi nyingi za Asia huchukua milimita 4 au 5, za Marekani mara nyingi ni vipimo vya inchi. Ukicheza hata kidogo, usiuzungushe, maana tundu likishaharibika ndipo utakapokuwa na shida ya kweli. Kuzungusha kulia kunakaza chuma na kunyoosha shingo, kushoto kunalegeza. Zungusha robo tu, tyuni upya, pima upya. Kama bado, iache mpaka kesho ndipo uongeze robo nyingine, kwa sababu mbao hutii polepole. Ukikuta chuma kimekaza na hakiendi, hapo simama.

Shingo ikishanyooka ndipo unashuka kwenye briji, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa besi. Kila uzi umekalia kidaraja chake chenye skrubu mbili ndogo za kushusha na kupandisha. Shusha mpaka kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi mnene kuna kama milimita 2.5, na uzi mwembamba milimita 2. Ukipiga kwa nguvu kama wapigaji wengi wa mapambio, acha zaidi kidogo. Na kama vidaraja vimefika chini kabisa bado nyuzi ziko juu, fungua skrubu nne za shingo, weka kipande cha kadi ngumu ndani ya kishimo, upande ulio karibu na briji, kisha funga. Kadi hiyo inabadilisha pembe ya shingo. Inaonekana kama ujanja wa mtaani, lakini hata viwandani wamefanya hivyo miaka nenda rudi.

Fundi wako usimlaumu sana. Amezoea redio na spika.

Besi yangu nikiityuni kwa simu inakubali vizuri, lakini nikipanda juu kuanzia freti ya 12 naonekana sijui kupiga. Mpiga kinanda ananicheka. (Sakina, Arusha)

Kwanza, nyuzi zina umri gani? Nyuzi zilizochoka hazishiki sauti hata ufanye nini. Kama bado ni nzuri, gusa tu uzi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 bila kuubana, piga, usikie ile sauti ya kengele. Kisha ubane hapohapo, piga tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa zilingane. Ya kubana ikiwa juu, kidaraja kirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogee mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, usije ukaichubua. Fanya kazi hii baada ya shingo na kimo cha nyuzi, kamwe si kabla, la sivyo utairudia.

Na ushauri wa simu: maikrofoni yake ndogo husumbuka na E ya besi, ambayo ni mitetemo 41 tu kwa sekunde. Tyuni kwa ile sauti ya kengele ya freti ya 12, iliyo mara mbili ya hiyo. Simu itaisikia vizuri.

Freti moja tu, ya 5, inatoa mlio kama wa nyuki. Nyingine zote safi. Nikaze chuma cha shingo?

Usikiguse. Mlio ungekuwa kwenye freti nyingi za mwanzo ningekuambia shingo imenyooka kupita kiasi, ilegeze robo. Mahali pamoja ni jirani tu amepanda: ukibana ya 5 ukasikia mlio, mtuhumiwa ni ya 6. Laza ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu, ya 5, ya 6 na ya 7, uichezeshe. Ikiyumba kama bembea, umempata.

Mara nyingi freti hiyo imeng'oka kidogo upande mmoja. Ibonyeze kwa kidole. Ikishuka, tia tone dogo la supa gluu ile nyepesi, weka kipande cha ubao juu yake, gonga taratibu, shikilia mpaka ishike. Bandika masking tepu pembeni kwanza, gundi isikimbilie ubao wa shingo.

Kanisani kwetu Njiro besi inavuma muda wote. Nikishika nyuzi inatulia, nikiachia inaanza tena. Je, pikapu zimeharibika?

Hapana, dada, na habari ni nzuri kuliko unavyodhani. Ukishika nyuzi kukatulia, maana yake waya wa arthi unaokwenda kwenye briji ni mzima. Kinachovuma ni umeme wa nyumba, mitetemo 50 kwa sekunde, unaodakwa na mwili wako na nyaya zilizo wazi ndani ya besi. G ya freti ya 3 kwenye uzi mnene ni 49. Basi mkiimba wimbo wa G, mvumo huo unagombana na besi yako mwanzo mwisho.

Kama besi yako ni ya mtindo wa Jazz, yenye pikapu mbili na volyumu mbili, zifungue zote sawasawa: pikapu hizo zimetengenezwa zifutane mvumo. Ikibaki, toa sahani ya volyumu na uvike kuta za shimo lote kwa tepu ya shaba, kisha uunganishe shaba hiyo na mgongo wa volyumu kwa waya. Karatasi ya alumini ya jikoni nayo inafanya kazi, ila risasi ya kuchomelea haishiki kwenye alumini, itabidi waya uukandamize kwa skrubu. Angalia tu karatasi isiguse waya wa moto wa jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya), besi itakuwa bubu.

Sasa nitaongea kwa ukali kidogo. Ukisogeza midomo kwenye maikrofoni huku umeshika nyuzi ukahisi kuchomwa, hata kidogo tu, zima kila kitu. Hilo si tatizo la besi tena, ni arthi ya jengo au ya jenereta, na linaua. Nimeona kwenye mikutano ya nje, soketi ya matundu matatu inachokonolewa kwa kijiti cha kiberiti tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, na amplifaya nzima inabaki bila arthi. Mtu amesimama kwenye majani mabichi, mvua ya masika imetoka kunyesha, ameshika vyuma mikono yote miwili. Mwiteni fundi umeme aliyesomea, tena kabla ya ibada. Na asikudanganye mtu kukata mguu wa arthi ili kuondoa mvumo. Mvumo utaondoka kweli, na kinga yako imeondoka nao.

Nyuzi mpya ni ghali na Usa River hazipatikani. Wazee wanasema nichemshe za zamani. Ni kweli?

Ni kweli, kwa siku chache. Kinachozifanya ziwe butu ni jasho, mafuta na ngozi ya vidole vilivyojibana kati ya mizunguko ya uzi. Maji ya moto yanatoa uchafu huo, lakini yanaacha unyevu, na kutu inafuata. Afadhali uzilaze kwenye spiriti usiku kucha ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, kisha ufute na kukausha kwa kitambaa. Utashangaa rangi ya spiriti asubuhi. Usizichomoe na kuzirudisha mara nyingi, maana pale uzi ulipojikunja kwenye kigingi ndipo unapokatikia.

Ila niulize: una uhakika unataka sauti ya kung'aa? James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alipiga nyuzi bapa, zile zenye uso laini, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Kwa muziki wa dansi, na kwa kwaya nyingi za huku, sauti nzito iliyokufa kidogo inakaa vizuri zaidi chini ya waimbaji. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga hakugharimu chochote.

Nataka kutoa freti zote besi yangu iwe laini. Nimesikia Jaco Pastorius, yule mpiga besi wa Marekani, alifanya hivyo.

Ndivyo inavyosimuliwa, kwenye Fender Jazz Bass, na ubao wa shingo akaupaka gundi ngumu ya boti. Swali langu ni moja: una besi nyingine? Kama hiyo ndiyo ya pekee na Jumapili unapiga na kinanda, acha. Kinanda hakikusubiri utafute noti, na kila kukosea kwako kutasikika.

Kama unayo ya ziada, ipashe kila freti moto kwa kile chuma cha kuchomelea cha mafundi redio, gundi ilegee, kisha inyanyue kidogo kidogo kwa koleo la mdomo bapa kuanzia pembeni. Ukivuta kwa hasira ubao unabanduka vipande. Jaza mifereji kwa vipande vyembamba vya mbao au plastiki, na rangi tofauti itakusaidia kuona ulipo. Lainisha kwa msasa. Kisha shusha mifereji ya kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki mwanzoni mwa shingo, kwa sababu nyuzi sasa zitakuwa juu sana. Funga nyuzi bapa. Zile za kukwaruza zitaula ubao wako.

Besi yangu ya betri inamaliza betri ya volti 9 kila mara.

Unaiacha na waya umechomekwa. Kwenye besi nyingi za betri, jeki ndiyo swichi. Chomoa ukimaliza.

Kila nikisafiri na besi kutoka Moshi kwenda Tanga inabadilika. Nyumbani tamu, kule haishikiki.

Umetoka mlimani umekwenda pwani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mbao inanywa unyevu, shingo inasogea. Hata bila kusafiri utaona mabadiliko kati ya masika na kiangazi. Wakati wa ukavu ubao hunywea na ncha za freti hukwaruza kiganja. Ukifika, iache besi ndani ya mfuko wake saa chache, kisha ityuni na uipime kwa kadi. Beba ufunguo wa aleni kwenye mfuko uleule. Ukikaa kule siku mbili tu, usiguse chuma, pandisha vidaraja kidogo na uvumilie.

Nibadilishe pikapu ipi ili nipate sauti ya besi za dansi la zamani?

Usibadilishe bado. Shusha kwanza ulizonazo: bana uzi freti ya mwisho, acha kama milimita 3 kati ya uzi mnene na pikapu. Zikiwa karibu mno sumaku zinavuta uzi na sauti inayumba. Funga toni mpaka katikati. Kisha kata kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, ukichomeke chini ya nyuzi kando ya briji, kiziguse bila kuzisukuma juu. Besi za kwanza za Fender, kuanzia 1951, zilikuja na kizibo cha namna hiyo chini ya kifuniko cha briji, na watu wengi walikitoa wakakitupa. Piga kwa kidole gumba, karibu na shingo. Ukisikia bado kuna kengele nyingi, sogeza sponji mbele kidogo.