Kahawa ya Barafu Jikoni: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, barua nyingi zinazonifikia zinahusu jambo moja: namna ya kutengeneza nyumbani kahawa ya barafu iliyo kama ile ya mkahawani. Nimechagua chache. Zile zinazouliza tena yale niliyokwisha kuyajibu nimezipunguza, ingawa moja imenishinda kuiacha.

Msomaji wa Bamburi: Nina mashine ndogo ya espreso na ninanunua kahawa nzuri, lakini kila nikitia barafu na maziwa, kinywaji huwa majimaji kabla sijafika nusu ya glasi. Wenye mikahawa hutia nini?

Hawatii kitu chochote cha siri. Kahawa ya gramu 40 yenye joto la nyuzi 70, ikimwagwa juu ya barafu, huyeyusha takriban gramu 35 za barafu hiyo mpaka ipoe kabisa, na hilo halikwepeki jikoni kwako wala mkahawani. Espreso huwa nzito kwa sababu hiyo, ili ibaki na ladha hata baada ya kuchanganyika na maji kiasi hicho.

Sasa nikuulize: maziwa yako yanatoka wapi? Ninashuku kwamba ni ya pakiti, yale yasiyohitaji friji mpaka yafunguliwe, nawe unayatoa kabatini katika jiko la Mombasa lenye joto la nyuzi 30. Gramu 150 za maziwa ya namna hiyo huyeyusha zaidi ya gramu 50 za barafu, yaani mengi kuliko yanayoyeyushwa na kahawa yenyewe uliyokuwa ukiilaumu. Maziwa hayohayo yakiwa yamelala kwenye friji hayayeyushi hata gramu 10. Yaweke pakiti zima kwenye friji tangu usiku, na glasi nayo uiweke humo.

Kisha uache uchoyo wa barafu. Watu hutia vipande vitatu kwa kuogopa maji, na hivyo vitatu huyeyuka vyote. Jaza glasi barafu mpaka mdomoni, vipande vikubwa na vigumu vilivyotoka friza wakati huohuo, umimine maziwa, na kahawa iwe ya mwisho. Barafu iliyopondwa ina eneo kubwa la kushika joto, kwa hiyo huyeyuka upesi, na mahali pake ni kwenye sharubati. Na kwa kuwa friza zetu hapa pwani hazikosi nguru au papa, gandisha maji kwenye chombo chenye kifuniko, kwa maana barafu hunyonya harufu, na kahawa yenye harufu ya samaki haiponi kwa shira wala kwa hiliki.

Msomaji wa Mikindani: Ni mashine gani ya espreso ninunue?

Hili ndilo lililonishinda kuacha. Wanaouliza hawasemi wana pesa kiasi gani, wanakunywa vikombe vingapi kwa siku, wala kama wana kinu cha kusagia, nao hutarajia niwatajie jina la duka. Jibu langu halijabadilika: kama huna kinu, usinunue mashine. Espreso ya kweli hutengenezwa kwa mgandamizo wa karibu baa 9 (baa ni kipimo cha mgandamizo), kwa kahawa iliyosagwa laini na kwa usawa, nayo hutoka kwa muda wa sekunde 25 hadi 30. Ukisagiwa dukani kwa kukisia, itatoka kwa sekunde 10 kama maji ya bomba, au haitatoka kabisa. Ile “baa 15” iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku la mashine ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, wala haikuahidi kahawa bora.

Mwenye bajeti ndogo na anunue birika la moka, lile lililobuniwa Italia mwaka 1933, linalokaa juu ya jiko la gesi bila umeme. Mgandamizo wake ni baa 1 au 2 tu, kwa hiyo kinachotoka si espreso hasa, lakini ni kahawa nzito inayostahimili barafu. La vikombe vitatu huchukua takriban gramu 15 za kahawa. Tia maji yaliyokwisha kuchemka sehemu ya chini, yasiifikie vali, jaza kahawa bila kuishindilia, uweke moto mdogo, na likianza kukoroma liondoe mara moja. Wanaoliacha liendelee kukoroma ndio wanaoniandikia kwamba kahawa yao ina ladha ya moshi.

Msomaji wa Mji wa Kale: Je, kahawa thungu ya dele, ile chungu ya birika la muuza kahawa, inaweza kunywewa na barafu? Mzee wangu anasema ni kufuru.

Mheshimu mzee wako, lakini mwambie kwamba nimejaribu. Kahawa thungu ikichukuliwa kama ilivyo kutoka kwenye dele na kumwagiwa barafu huwa mbaya kwa sababu mbili. Kwanza, imechemka muda mrefu juu ya makaa na uchungu wote wa buni umekwisha kuingia majini. Ikiwa moto, tangawizi na kashata huupooza uchungu huo, lakini ikiwa baridi harufu nzuri hujificha na uchungu hubaki peke yake. Pili, ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Weusi wake hutokana na buni zilizokaangwa sana, nao si dalili ya kahawa nyingi, hivyo barafu ikiyeyuka kidogo tu hubaki maji ya rangi.

Ipike upya kwa ajili ya barafu. Tumia kahawa ileile na tangawizi ileile iliyopondwa, ila maji yawe nusu ya kawaida. Ichemke kwa dakika tano, uiepue, uiache machicha yatuame, kisha uichuje kwa kitambaa safi. Usiitie barafu ikiwa ingali inafuka moshi: weka sufuria ndani ya beseni la maji kwa robo saa, na joto kubwa litaondoka bila kukugharimu hata kipande kimoja. Baada ya hapo imimine juu ya barafu, bila maziwa, na ule tende pembeni. Kwa maoni yangu hiki kinashinda nusu ya vinywaji vyenye majina ya Kitaliano vinavyouzwa mjini kwa bei ya chakula cha mchana, na ninashangaa kwamba mikahawa yetu hukimbilia shira za chupa zenye harufu ya pipi ilhali muuza kahawa amekaa nje ya mlango.

Msomaji wa Likoni: Sukari haiyeyuki, inabaki chini ya glasi.

Ndiyo, kwa sababu katika baridi huchukua muda mrefu. Pika shira: sukari na maji kwa uzito sawa, moto mpaka sukari ipotee, basi. Usiipike nzito kama ya kaimati, kwani ikikutana na barafu itazama na kunata, nawe utanilaumu tena. Tia hiliki ukipenda. Katika chupa safi ndani ya friji hukaa wiki mbili.

Msomaji wa Kisauni: Naweza kutumia kahawa ya unga inayoyeyuka?

Unaweza, ila usiiite espreso. Wagiriki wamekuwa wakiitikisa pamoja na sukari na maji machache ya baridi mpaka ipande povu tangu mwaka 1957 kule Thessaloniki, nao hawakuona haya.

Msomaji wa Tudor: Sinywi maziwa ya ng'ombe, nikatumia tui la nazi. Pakatokea vipande vyeupe vinavyoelea. Tui limeharibika?

Halikuharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24, ndiyo maana chupa yako ya mafuta huganda ikiwekwa kwenye friji, na unachokiona kwenye glasi ni jambo hilohilo. Tumia tui la pili, ambalo lina mafuta machache, ulitikise kwa nguvu pamoja na kahawa ikiwa ya moto kabla ya kutia barafu, na ulinywe upesi. Tui la kwanza libaki kwenye wali.

Msomaji wa Kizingo: Nilinunua kahawa ya AA, ghali, iliyosagwa. Ina miezi mitano. Mbona haitoi povu la rangi ya dhahabu?

Povu hilo hutokana na hewa ya kaboni iliyobaki ndani ya kahawa baada ya kukaangwa, na yako ilikwisha kutoka zamani. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu kwa siku chache, sembuse miezi mitano katika unyevunyevu wa kisiwa hiki. Nunua punje nzima, kidogo kidogo, angalia tarehe ya kukaangwa badala ya tarehe ya kuisha muda, na uzihifadhi katika chombo kinachobana, mbali na jua.

Kuhusu AA, herufi hizo hueleza ukubwa wa punje zinapopita kwenye chekeche, wala hazikuhakikishii ladha; AB nzuri (yenye punje ndogo kidogo) ya Nyeri au Kirinyaga iliyokaangwa wiki iliyopita itaiaibisha AA yako. Inaniudhi kwamba kahawa ya nchi hii hushushwa mpaka Kilindini, ikapakiwa kwenda Ujerumani, Ubelgiji na Marekani, nasi tunaokaa kando ya bandari tukanunua mikebe iliyochakaa kwa sababu ina picha nzuri.

Msomaji wa Changamwe: Nataka kuuza kahawa ya barafu langoni kwangu. Nianze na ladha gani?

Anza na maji. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Barafu ya maji machafu ni maji machafu yaliyoganda, na kipindupindu hakiulizi kama kinywaji kina shira ya mdalasini. Chemsha maji, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo uyagandishe, na barafu ichotwe kwa kijiko, kamwe si kwa mkono uliotoka kupokea noti. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi, kwa hiyo yasitumike kupikia kahawa wala kugandishia. Umeme ukipotea na barafu ikayeyuka, usiigandishe upya kwa wateja. Pia pata kibali cha afya cha kaunti kabla afisa hajakutembelea. Ukishayatimiza hayo niandikie tena, tuzungumze ladha.

Msomaji wa Majengo: Glasi yangu ilipasuka nilipomimina kahawa ya moto.

Ulitia kahawa kwanza. Tia barafu na maziwa kwanza, au tumia kikombe cha chuma.