Mdogo wangu, umevua kanzu na unataka kugombea: habari ya John Momis wa Bougainville

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kijana mmoja niliyemfundisha Kilatini seminari ndogo. Alikuwa padri miaka sita, ruhusa yake kutoka Roma imeshafika, sasa anafundisha sekondari, na watu wa kata yake wanamsukuma achukue fomu. Bado ananiita "Baba Padri", ingawa mimi nilivua kanzu miaka mingi kabla yake. Tulikaa barazani mpaka chai ikapoa. Alitaka kujua jambo moja tu: mtu aliyewahi kusimama altareni anaweza kuingia siasa asiharibike?

Nilimsimulia yangu kwanza. Nilikuwa diwani kwa muhula mmoja, huku kwetu Ruvuma. Nilishinda bila jasho, maana nusu ya wapiga kura niliwabatiza mimi au niliwafungisha ndoa. Kwenye mikutano watu walinisalimu "Tumsifu Yesu Kristo" badala ya "mheshimiwa", na nilipoamua jambo, hakuna aliyebisha. Vijiji viwili vilikuwa vinagombea maji ya mserereko, cha juu kinafunga koki, cha chini kinakaa na ndoo tupu. Niliwaita wazee wa pande zote chini ya mwembe, nikazungumza nao saa tatu, wakapeana mikono. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu na ya serikali kwa pamoja.

Hatukuandika chochote, wala muhtasari wala sheria ndogo. Kamati ya maji haikupewa nguvu yoyote. Nguvu ilikuwa neno langu. Nilipomaliza muhula na kuhamia mjini, koki ilifungwa tena kabla ya mwaka kuisha, na safari hii mzee mmoja alipasuliwa kichwa kwa jembe. Nilipokwenda kumwona hospitali aliniambia, "Baba, ulipoondoka uliondoka na mkataba." Neno hilo bado linaniuma.

Ndiyo sababu nimekuwa nikimfuatilia mtu ambaye wengi wetu huku hatujawahi kulisikia jina lake. John Momis alikuwa padri Mkatoliki wa Bougainville, kisiwa kilicho katika Bahari ya Pasifiki, sehemu ya nchi ya Papua Guinea Mpya, upande wake wa mashariki, jirani kabisa na Visiwa vya Solomon. Alipadrishwa mwaka 1970. Miaka miwili baadaye, 1972, alichaguliwa kuingia Bungeni kuwakilisha kisiwa chake, na hakutoka kwenye siasa mpaka mwaka 2020. Hiyo ni karibu nusu karne. Zaidi ya miaka ishirini ya kwanza alikuwa bado padri. Miaka ya 1990 ndipo alipoacha upadre na kuoa.

Usishangae kwamba padri alichaguliwa. Katika visiwa vile misheni ndiyo iliyokuwa na shule, na seminari ilikuwa karibu njia pekee ya mtoto wa kijijini kupata elimu ya juu. Walter Lini, waziri mkuu wa kwanza wa Vanuatu, alikuwa padri wa Kianglikana. Jean-Marie Tjibaou wa Kaledonia Mpya alikuwa padri Mkatoliki kabla ya kuacha na kuongoza madai ya watu wake wa Kanak, mpaka alipouawa kwa risasi Mei 1989. Cherubim Dambui alikuwa kiongozi wa kwanza wa serikali ya jimbo la East Sepik, hukohuko Papua Guinea Mpya, kisha akarudi kwenye kazi ya Kanisa na kufanywa askofu msaidizi. Kanisa lenyewe halipendi jambo hili: Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 285, unawakataza mapadri kushika vyeo vya serikali. Nakubaliana na kanuni hiyo kwa moyo wote. Ukitaka kiti, toka kwanza, kwa barua na kwa amani, kama ulivyotoka wewe. Usigombee huku bado unaadhimisha misa.

Sasa nikuambie kilichonivuta kwa Momis. Watu wake walimpa imani ileile niliyopewa mimi, na ilikuwa kubwa mara elfu. Kisiwa kilikuwa kinawaka. Kampuni ya Australia ilikuwa inachimba shaba Panguna, katikati ya milima, shimo ambalo lilikuja kuwa moja ya makubwa duniani. Mwaka 1969 akina mama wa Rorovana walijilaza mbele ya matingatinga kuzuia ardhi yao isichukuliwe, polisi wakawatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi. Sehemu kubwa ya Bougainville ardhi hurithiwa kwa upande wa mama, kwa hiyo walikuwa wanalinda kilicho chao hasa. Padri kijana aliyeingia Bungeni miaka mitatu baada ya siku ile angeweza kuishi kwa kuhutubia tu. Angeshangiliwa maisha yake yote.

Yeye alikwenda kuandika. Papua Guinea Mpya ilikuwa inajiandaa kwa uhuru, na iliundwa Kamati ya Mipango ya Katiba. Mwenyekiti kwa cheo alikuwa Michael Somare, kiongozi wa serikali, lakini aliyeiongoza kwa vitendo ni Momis, naibu wake. Kamati ilizunguka nchi nzima, wilaya kwa wilaya, katika nchi ya mamia ya lugha, ikiuliza watu wa vijijini wanataka serikali ya namna gani. Katiba iliyotoka inafungua na malengo matano ya taifa, na mtu aliyekulia Tanzania akiyasoma atasimama kwenye lengo la tatu: mamlaka ya taifa na kujitegemea. Lengo la kwanza ni maendeleo ya mtu mzima, mwili na roho. Hapo nasikia seminari.

Jambo alilolipigania kuliko yote ni serikali za majimbo, ili Bougainville iwe na sauti juu ya ardhi yake bila kuvunja nchi. Na hapo ndipo alipoonja siasa. Katikati ya mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru, sura ya serikali za majimbo iliondolewa kwenye rasimu. Miaka mitatu ya kazi ikatupwa. Tarehe 1 Septemba 1975 viongozi wa Bougainville walitangaza nchi yao wenyewe, Jamhuri ya Solomoni Kaskazini, siku kumi na tano kabla Papua Guinea Mpya haijapata uhuru. Momis alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Hakuna taifa lililowatambua.

Hapa mdogo wangu alinikatiza. "Baba, mimi ningekata tamaa." Nami pia, nilimjibu. Lakini tazama alichofanya yule mtu. Agosti 1976 walirudi mezani na Somare, wakakubaliana, na serikali za majimbo zikarudi kupitia sheria mahsusi. Mwaka uliofuata Momis akawa waziri wa ugatuzi wa madaraka, yaani akapewa kazi ya kuisimamia sheria ambayo wenzake waliifuta. Hakususa. Mapadri tuliotoka tuna ugonjwa wa kususa, maana parokiani hatukuzoea kukataliwa. Paroko akisema uzio wa kanisa ujengwe, uzio unajengwa. Kwenye baraza la madiwani utatoa hoja nzuri kuliko zote na itakufa kwa kura tatu. Ukirudi nyumbani na kufunga mlango, waliokutuma hawana mwingine.

Mwaka 1987, akiwa ameshakuwa hata naibu waziri mkuu, alidai kampuni ya mgodi iipe serikali ya jimbo asilimia 3 ya mapato yake ghafi. Nadhani lilikuwa dai la haki, tena la kiasi, kwa mgodi uliomwaga mabaki yake mto Jaba miaka kumi na mitano. Kampuni ilikataa. Mwaka uliofuata vijana wakiongozwa na Francis Ona walianza kulipua nguzo za umeme za mgodi, na Mei 1989 Panguna ilifungwa. Vita vilivyofuata viliendelea karibu miaka kumi, na wengi hutaja kati ya watu elfu kumi na elfu ishirini waliokufa, wengi wao kwa kukosa dawa wakati kisiwa kimezingirwa. Momis alikuwa mbunge Port Moresby, mji mkuu wa Papua Guinea Mpya, wakati watu wake wanakufa. Wa msituni walimwona mtu wa serikali, na wa serikali walimwona mtu wa Bougainville. Sina ushauri mwepesi kwa hali hiyo. Ninachojua ni kwamba aliendelea kuzungumza na pande zote mbili mpaka zikawa tayari kumsikiliza.

Kuna kipande ambacho ningependa kila mgombea akisome mara mbili. Vita vilipokwisha, kulikuwa na mgogoro wa nani aongoze kisiwa. Momis alisema sheria inampa yeye ugavana, akaenda mahakamani, na mwishoni mwa 1999 Mahakama ya Juu ikampa haki. Upande wa pili alikuwa Joseph Kabui, aliyekuwa na waasi wa zamani nyuma yake. Momis alikuwa na hukumu mkononi. Angeweza kuwafungia mlango. Alikubaliana na Kabui kwamba yeye atakuwa gavana lakini mambo makubwa watashauriana, na wakaenda kwenye mazungumzo na serikali wakiwa kauli moja. Tarehe 30 Agosti 2001 Mkataba wa Amani wa Bougainville ulisainiwa Arawa: mamlaka ya ndani, silaha kukusanywa, na kura ya maoni kuhusu uhuru kati ya mwaka wa kumi na wa kumi na tano baada ya serikali ya kwanza kuchaguliwa. Uchaguzi huo wa kwanza ulifanyika 2005. Kabui alimshinda Momis.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Akafanyaje?" Alikwenda kuwa balozi nchini China. Kabui alifariki 2008 akiwa madarakani, na mwaka 2010 Momis aligombea tena akawa rais wa Bougainville, akachaguliwa tena 2015.

Kama rais alihitaji fedha, na fedha zilikuwa chini ya Panguna. Alitaka mgodi ufunguliwe tena, pamoja na kampuni ileile ya zamani. Lakini serikali yake ilipitisha sheria ya madini ya mwaka 2015 inayowapa wenye ardhi neno la mwisho. Wenye ardhi walipoulizwa mwishoni mwa 2017 wakaonekana wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, na serikali yake ikakataa kuihuisha leseni ya kampuni. Alikuwa anautaka mgodi, na sheria yake mwenyewe ikamzuia. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee wangu wa hospitali. Kama ningewaachia wale wa kijiji cha chini karatasi yenye nguvu ya kunizuia hata mimi, huenda kichwa chake kingekuwa kizima.

Kura ya maoni ilipigwa kuanzia Novemba 23 hadi Desemba 7, 2019. Waliochagua uhuru walikuwa 176,928. Waliochagua mamlaka makubwa zaidi ndani ya Papua Guinea Mpya walikuwa 3,043. Ni karibu asilimia 98. Mkataba unataka pande mbili zishauriane na matokeo yafikishwe kwenye Bunge la taifa, na suala hilo bado halijafungwa.

Sitakuficha sehemu isiyopendeza. Katiba ya Bougainville inampa rais mihula miwili. Baada ya kura ile kubwa, mwaka 2020, ulifanyika mpango wa kuibadilisha ili Momis agombee tena. Wabunge wa Bougainville hawakutoa kura za kutosha. Alijaribu mahakamani, akakwama huko pia. Naamini alifikiri kwa dhati kwamba hakuna mwingine wa kuifikisha kazi mwisho. Hicho ndicho kishawishi chetu sisi tuliozoea kuitwa Baba. Mtoto unamwona bado mdogo hata akiwa na mvi. Lakini kwa maoni yangu alikosea, na katiba ndiyo iliyomwokoa. Ishmael Toroama, kamanda wa zamani wa waasi, alichaguliwa mwaka huohuo, na makabidhiano yakafanyika bila risasi, kwenye kisiwa ambacho miaka ishirini na mitano nyuma watu walikuwa wakiuana.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu mambo machache, bila mpangilio. Aende kwa askofu kabla ya kuchukua fomu. Ruhusa hahitaji, lakini askofu asije akaisikia habari hiyo redioni. Picha ya bango la kampeni isiwe ile ya siku ya upadrisho. Aliyoyasikia kwenye kitubio yasimpandie hata kwenye macho: nilipokuwa diwani kulikuwa na mjumbe mmoja aliyekuwa hawezi kunitazama tukibishana bajeti, na nilijua kwa nini, na yeye alijua kwamba najua. Huo ni mzigo ambao wanasiasa wengine hawana. Ukiona mtu anakukubalia kwa hofu hiyo, ahirisha hoja. Na kila mapatano yaandikwe siku hiyohiyo, yasainiwe, nakala ibaki ofisi ya kijiji, pamoja na kipengele kinachosema nini kitafanyika wewe ukiwa haupo.

Aliondoka jioni na basi la mwisho. Juzi alinipigia simu. Sikusikia habari ya fomu wala ya wapambe. Aliuliza kama bado ninayo nakala ya sheria ndogo za watumia maji, zile zilizoandikwa na vijiji viwili vile baada ya mzee kuumizwa. Ninayo. Nitampelekea Jumamosi.