Mchango wa ndovu uanze kwa anayekesha

Wiki iliyopita kijana wa kwetu Taita anayefanya kazi Qatar alinitumia meseji, anasema amekuwa akiangalia video za ndovu yatima Facebook roho inamuuma, anataka awe anatoa kitu kila mwezi lakini wenzake wanamwambia hizo hela zinaishia kwa magari makubwa na hoteli. Akaniuliza, dada, wewe umetoa miaka yote hiyo, unajuaje zinafika? Nimeona nijibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnataka kutoa na mmekwama palepale.

Kwanza mjue natokea wapi. Mimi ni wa Sagalla, hifadhi ya Tsavo Mashariki iko huku, Tsavo Magharibi iko kule, na sisi tuko katikati, ndovu akitaka kuvuka anapitia kwetu. Hesabu ya 2021 ilikuta ndovu 36,280 Kenya nzima na karibu 15,000 wako ukanda wa Tsavo, kwa hiyo mnaweza kufikiria ni majirani wa aina gani hao. Mama alikuwa analima mahindi na pojo, na mahindi yakianza kubeba tu ndio mwisho wa usingizi, ni moto, mabati, tochi, kupiga kelele mpaka sauti inakauka, halafu asubuhi mtoto aende shule. Kuna mwaka waliingia usiku wakamaliza shamba lote, mama akakaa mlangoni mpaka jua likapanda hajasema neno. Muhula uliofuata sikuenda shule, karo ilikuwa kwa yale mahindi.

Kwa hiyo mtu wa mjini akiniambia watu wa huko wanachukia wanyama, mimi nawaka. Hatuwachukii. Gharama ya kukaa nao tulikuwa tunalipa sisi peke yetu, na wengine wanakuja kupiga picha wanarudi kulala.

Ndio maana swali langu kabla sijatoa shilingi ni hili, je hii hela inamfikia anayekesha? Chukua mizinga ya nyuki ya Sagalla. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba ndovu akisikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa anatoroka. Wakaigeuza hiyo ikawa ua wa shamba. Unasimamisha nguzo, kila mita 10 hivi unaning'iniza mzinga, unaofuata ni kipande cha plaiwudi cha kumdanganya, halafu mzinga wa kweli tena, na waya unaunganisha vyote kuzunguka shamba. Ndovu akisukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, wanamuuma kwenye macho na ndani ya mkonga. Hauzuii ndovu wote lakini wengi wanageuka, na mwenye shamba anapata asali ya kuuza juu yake. Mradi wenyewe uko chini ya shirika la Save the Elephants, kituo chao kiko Sagalla hapohapo, na watu wa nchi za mbali wanatoa hela ya kudhamini mzinga mmoja mmoja. Hiyo hela unaweza kuishika kwa mkono, ni mbao, ni waya, ni nguzo.

Sasa sisi wanawake wa Sagalla tunaokaa Mombasa tuna chama chetu. Mwaka jana wakati wa kugawana nilisimama nikasema tutoe sehemu tumsaidie mama mmoja mjane kijijini aweke mizinga. Nilichekwa, na dada mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba najipendekeza kwa wazungu. Maneno hayo yaliniuma na yananiuma mpaka leo nikiandika hapa, lakini sikukaa chini, tukabishana mpaka magharibi na mchango ukapita. Msimu huu yule mama amevuna! Amenitumia picha ya magunia, nikalia kazini mbele ya wateja.

Na huyo kijana wa Qatar anayependa yatima, hapo pia uliza swali lilelile. Sheldrick Wildlife Trust, shirika linalolea ndovu yatima, wako tangu 1977, unaweza kumdhamini ndovu yatima kwa kuanzia dola 50 kwa mwaka. Mtoto wa ndovu mchanga ananyonya chupa kila baada ya saa tatu usiku na mchana, na mlezi analala naye chumba kimoja. Mlezi huyo ni Mkenya ana mshahara, ana watoto wake wanasoma. Huyo naye anakesha. Toa bila wasiwasi.

Kitu kingine, toa kidogo lakini kila mwezi. Jamani watu wetu tunapenda kutoa kwa kishindo video ikisambaa, ikipoa tumesahau, na mshahara wa askari wa wanyama hausubiri video. Mwaka 2022 ukame ulikuwa mkali, serikali ikatangaza ndovu 205 wamekufa kati ya Februari na Oktoba. Ukianza kuchangisha hela ya maji siku picha za mizoga zinatoka umechelewa, lazima iwe ilikuwepo. Shilingi mia mbili yako ya kila mwezi ina kazi kuliko elfu kumi ya mara moja, na usiniambie huna, vocha ya simu unaweka. Tuache kungoja wageni walipe kila kitu halafu tulalamike kwamba wanyama ni wa wageni. Ni wetu, basi tuwalipie na sisi, na tukilipa tutakuwa na haki ya kuuliza hela imeenda wapi.

Sasa hivi chama tunachanga tena kabla ya kiangazi, kwa sababu ukame ukizidi nyuki wanahama na mizinga inabaki mitupu, kwa hiyo tunataka maji ya nyuki karibu na shamba la yule mama na mizinga kwa jirani yake. Yule dada aliyenicheka ametoa, na ametoa wa kwanza. Kijana wangu wa Qatar, nimekujibu inboksi namba ya mweka hazina, mpigie umuulize maswali yote unayotaka kabla hujatuma.