Papa, zombi na Lucio Fulci
Ndugu yangu, umeuliza raha iko wapi katika filamu za Kiitaliano za mazombi, yaani wafu wanaofufuka na kutembea, ilhali bajeti ni ndogo na sauti haziendani na midomo. Anza na Zombi 2 ya mwongozaji Lucio Fulci, ya 1979. Jina lenyewe lilikuwa mbinu ya biashara: filamu ya mwongozaji Mmarekani George Romero ilikuwa imeonyeshwa Italia kwa jina la Zombi, basi hii ikaitwa ya pili, ingawa hadithi hazihusiani kabisa.

Lakini ngoja ufike chini ya bahari. Zombi anapigana na papa. Papa wa kweli, mzima! Aliyecheza zombi huyo ni Ramón Bravo, mpiga mbizi wa Mexico aliyewajua papa vizuri, na hapo hakuna kompyuta iliyosaidia kitu. Moyo hunienda mbio kila mara. Halafu wale wafu aliowatengeneza Giannetto De Rossi: udongo umewagandia usoni, tundu la jicho limejaa minyoo, na kinanda cha mtunzi wa muziki Fabio Frizzi kinapiga polepole, kinarudia, kinarudia. Tukio la kibanzi cha mbao kinachochoma jicho bado nalitazama nimejiziba uso. Hadithi ni nyepesi, sawa, lakini nani anaangalia hadithi pale?